Shairi la Ndugu Yetu: Somo la Kusema na Kusikia Ukweli

Masomo ya kusoma kwanza: Matendo 18:24–28; 2 Samweli 12:1–13; Zaburi 8 na Zaburi 51; Wagalatia 6:1–5.



Katika somo hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huonekana dogo, nalo hutokea katika kila mtaa wa parokia. Kijana ametunga shairi. Pengine amelitunga kwa ajili ya Krismasi, au sikukuu ya mavuno, au amelitunga usiku tu kwa sababu moyo wake ulikuwa mzito. Ameliandika katika daftari la shule, kisha amelileta kwa mwalimu wa kwaya, au kwa katekista, au kwa rafiki yake, naye asema, "Hebu nisomee, uniambie lipoje."

Mara nyingi mashairi ya watu wanaoanza kutunga huwa juu ya tabia ya wanadamu: unafiki, wivu, tamaa ya mali, ndugu aliyemgeuka ndugu. Hii si ajabu. Mtu aliyeumizwa hutafuta maneno. Basi yule aliyepewa daftari atajibu nini?

Wengi wetu twajua majibu mawili tu. La kwanza ni, "Zuri sana! Hongera!" na daftari larudishwa kabla hatujafika ubeti wa tatu. La pili ni kucheka, au kusema, "Mashairi waachie wenyewe wa pwani." Jibu la kwanza halimsaidii mtunzi, na la pili humvunja. Yote mawili yatoka katika shina moja, yaani kutotaka kujitaabisha kwa ajili ya mwenzetu. Tutazame sasa njia iliyo bora.

1. SHAIRI NI MAZUNGUMZO

Katika lugha ya Kiswahili shairi halikuzaliwa kuwa kitu cha kusomwa na mtu mmoja peke yake kisha kikafungiwa sandukuni. Tangu zamani washairi wameambiana na kujibizana. Huko Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi ya kujibizana na washairi wa miji mingine, na watu wa mji walikuwa wakiyasikiliza na kuyapima. Mengi ya mashairi hayo yangalipotea. Yaliokolewa baadaye katika karne hiyo kwa sababu Mwislamu mmoja mjuzi wa ushairi, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliketi na padre mmoja wa Kianglikana, W. E. Taylor wa chama cha CMS, akamfafanulia. Tuone hapo: padre alikubali kuwa mwanafunzi. Mtu asiyekubali kufundishwa shairi hawezi kulisahihisha.

Katika Tanganyika, gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, nalo lilipokea mashairi ya wasomaji wake. Makarani, walimu, wakulima na wafanya biashara walituma tungo zao, na wengine wakawajibu kwa tungo. Hawa hawakuwa na vyeti vya ushairi. Walijifunza kwa kusahihishana.

Nasi watu wa Mkoa wa Kigoma tunayo heshima yetu katika jambo hili. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria. Alifariki mwaka 1964. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alikuwa shehe wa Kiislamu, nasi ni Wakristo, lakini kazi hiyo ni mali ya kila asemaye Kiswahili. Katika kitabu kimoja aliweka sheria za kutunga na tungo zake mwenyewe. Maana yake ni kwamba aliwapa watu kipimo, kisha akawapa kazi yake waipime. Huo ni uungwana, na yafaa kila mwenye kuwasahihisha wengine auige.

Naye Mkristo wa Dodoma, Mathias Mnyampala, aliyetunga Utenzi wa Enjili Takatifu uliotoka mwaka 1963, aliieneza sana ngonjera. Katika ngonjera watu wa pande mbili hubishana kwa beti, asiyejua huuliza na kupinga, ajuaye hueleza, na mwisho hupatana. Wengi wetu tuliocheza ngonjera shuleni twakumbuka hivyo. Basi kuambiana ukweli juu ya tungo ni desturi ya ushairi wetu wenyewe.

2. UBETI WA KUJIFUNZIA

Ili tusizungumze hewani, tumetunga ubeti mmoja kwa ajili ya somo hili, wa namna ambayo mtunzi anayeanza angeweza kuuleta. Tuseme kijana wa kwetu Kitanga ameuleta:

Binadamu hana wema, mdomoni mwake hila,
Ana kwa ana husema, "Ndugu yangu, njoo kula,"
Ukigeuka kwa nyuma, hukusema kwa hasira,
Watu wote ni wanyama, pendo lao limelala.

Tafadhali, msomaji, usome mara mbili, na mara ya pili usome kwa sauti. Usiendelee na somo mpaka umefanya hivyo. Kisha ujiulize: ungemwambia nini kijana huyu?

3. JINSI YA KUSEMA

Kitabu cha Matendo ya Mitume chatupa mfano ulio wazi. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko, tena mwenye bidii. Lakini alikuwa na upungufu mmoja: aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia akinena katika sinagogi. Hawakusimama kumkatiza. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ya kumkaribisha huko. Humo twaona hatua zote za kumsahihisha mtunzi.

(a) Kusikia mpaka mwisho. Prisila na Akila walisikia kwanza. Wako watu ambao wakiona kosa katika mshororo wa kwanza hawasikii tena kitu chochote. Wamebaki na lile kosa mkononi kama mtu aliyepata mwiba. Shairi lisomwe lote. Afadhali mtunzi alisome mwenyewe, maana sauti yake itakuonyesha alitaka mkazo uwe wapi.

(b) Kutaja kilicho hai, na kukitaja kwa jina. Kusema "ni zuri" hakumfundishi mtu. Katika ubeti wetu, mshororo wa pili una uhai kuliko yote. Mwenye hila hakutajwa tu kuwa mwenye hila. Twamwona amesimama mlangoni, akimkaribisha mwenzake chakulani. Kila mtu wa kwetu ajua uzito wa kukaribishwa kula. Ndiyo sababu usaliti unaofuata wauma. Mwambie kijana, "Hapa uliponionyesha chakula, nilimwona mtu. Katika mshororo wa nne sikumwona mtu, nilisikia neno kubwa tu." Kwa maneno hayo machache umempa kazi ya mwezi mzima, naye ataondoka na furaha.

(c) Kurekebisha kinachorekebishika. Hesabu mizani: kila kipande kina nane, na kila mshororo una kumi na sita. Hapo mtunzi amefaulu, na aambiwe hivyo. Vina vya kati ni -ma kote, navyo vyafaa. Vina vya mwisho ni -la, lakini katika mshororo wa tatu imeingia -ra: "hasira". Kwa sheria za mashairi ya vina, hilo ni kosa.

Lakini tuangalie vema jinsi ya kulisema. Sisi tuliolelewa katika Kiha twajua kwamba lugha yetu ya nyumbani haitenganishi sauti hizi mbili kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Kulima kwetu ni kurima. Basi kijana huyu hakuwa mvivu. Sikio lake lilimwambia kwamba vina vimelingana. Ukimcheka mbele za watu kwa sababu ya -la na -ra, hukumcheka kwa shairi, umemcheka kwa lugha ya mama yake. Hatasahau. Lakini ukimwambia faraghani, "Sikio la Kiha laona hivi ni kimoja, karatasi ya Kiswahili yaona ni viwili, andika vina vyako pembeni uvitazame kwa macho," umempa chombo atakachokitumia maisha yake yote.

Tena, mama akituletea utungo wa Kiha, tusiupime kwa vina na mizani ya Kiswahili. Kila lugha ina mwendo wake. Muulize yeye, au wazee waliosikia tungo za zamani, mwendo wake ni upi.

(d) Kuuliza juu ya ukweli. Huku ndiko kunakohitaji moyo zaidi. Shairi la tabia ya wanadamu ladai kusema jambo la kweli juu yetu sote. Basi twaruhusiwa kuuliza: je, ni kweli? Binadamu "hana wema" kabisa? Yule aliyekuazima jembe wakati wa mvua, yeye yu wapi katika shairi hili? Na jirani aliyekesha nawe msibani? Tusiulize kwa kumshinda, bali kwa kumfungulia mlango. Shairi linalomwona mwovu tu ni rahisi kutunga, kama lile limwonalo malaika tu.

(e) Kutomtungia. Kishawishi cha fundi ni kuichukua kalamu. "Lete hapa, nikuwekee vizuri." Akimaliza, shairi ni zuri, nalo ni lake fundi. Mwonyeshe palipo na tatizo, kisha mwache ahangaike. Jasho ndilo linalomfanya mtunzi.

(f) Kutunza siri. Katika vijiji vyetu, mtu akisoma shairi juu ya ndugu msaliti, swali la kwanza nyuma ya kanisa huwa, "Anamsema nani?" Kwa swali hilo shairi limegeuzwa kuwa kesi. Mtu aliyekabidhiwa daftari asifanye upelelezi, wala asipeleke habari kwa wengine. Lakini mchungaji au rafiki wa karibu aweza, wakiwa wawili tu, kumwuliza mtunzi kwa upole, "Ndugu, ni salama nyumbani?" Huenda kijana hakuleta vina. Huenda alileta jeraha, na shairi ndilo bahasha lilimokuwa limefungwa. Ukisahihisha bahasha na kuliacha jeraha, hukumsoma.

4. SHAIRI LATUPIMA NASI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Shairi la kusifu mlima lapimwa na msomaji. Shairi juu ya tabia ya mwanadamu lapimwa na msomaji, nalo lampima msomaji. Soma tena mshororo wa pili na wa tatu. Mbele ya uso, maneno matamu. Nyuma ya mgongo, maneno mengine. Je, si hivyo hasa tunavyoyafanyia mashairi ya wenzetu? Kijana asoma siku ya sikukuu, twapiga makofi na vigelegele. Njiani kwenda nyumbani twasema, "Lile nalo lilikuwa shairi?" Hapo kijana alisema juu yetu, nasi tukamthibitishia. Tukitenda hivyo, hatuna haki ya kumwambia kwamba shairi lake limepita kiasi, maana sisi ndio mshororo wake wa tatu.

Kwa hiyo jibu lililo kuu kwa shairi lisemalo kwamba wanadamu ni wanafiki ni kumwambia mtunzi ukweli uso kwa uso, kwa upendo, kisha kunena maneno yale yale anapokuwa hayupo. Jibu hilo lina nguvu kuliko hoja yoyote. Kijana aliyeamini kwamba pendo la watu limelala atamwona mtu mmoja ambaye pendo lake liko macho.

Je, Kanisa lafundisha nini juu ya mwanadamu? Lafundisha mambo mawili kwa pamoja. Zaburi ya 8 yastaajabu kwamba mtu aliye mdogo hivi amevikwa utukufu na heshima na Mungu. Mwanzo sura ya 1 yasema ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini Zaburi ya 51 ni kilio cha mtu aliyeuona uovu wa moyo wake mpaka chini, na katika zile Kanuni 39 za Kanisa la Anglikana, ya 9 yahusu dhambi ya asili, kwamba kila mtu azaliwaye na Adamu ameharibika katika tabia yake. Mtunzi wetu ameshika ukweli wa pili na kuuacha wa kwanza. Wengine hushika wa kwanza na kuuacha wa pili, wakatunga mashairi ya sukari tupu. Shairi lililokomaa hubeba yote mawili, kama mtu abebavyo ndoo mbili za maji asiyumbe.

Tena liko jambo jingine. Ubeti wetu wasema "watu wote", lakini mtunzi mwenyewe hayumo. Amesimama pembeni akituonyesha kidole. Linganisheni na maungamo yetu ya kila Jumapili katika Kitabu cha Sala. Pale hatusemi "wao". Kasisi na mtoto, mzee wa kanisa na mgeni, wote hupiga magoti na kusema "sisi". Basi swali moja latosha kumwuliza mtunzi: "Na wewe, ndugu, umo katika shairi hili?"

Tuseme kijana ameondoka na swali hilo, na baada ya siku kadhaa amerudi. Mshororo wa tatu bado anauhangaikia. Lakini wa nne ameubadili hivi:

Nami pia ni wa nyama, Bwana, nisije kulala.

Tazameni alivyofanya. "Wanyama" wamekuwa "wa nyama", yaani mtu wa mwili, dhaifu, awezaye kuanguka kama wale aliowashitaki. Na pendo lililolala limekuwa sala ya mtu aombaye asilale. Mizani ni ile ile, vina ni vile vile, lakini shairi limeacha kuhukumu na limeanza kuungama. Hakuna msahihishaji angeweza kumpa mshororo huo. Aliweza tu kumpa swali.

5. JINSI YA KUPOKEA

Sasa twamgeukia mtunzi. Kupokea ni kugumu kuliko kusema. Mfano wetu ni Daudi, mfalme na mshairi. Nabii Nathani hakumjia kwa shutuma. Alimjia kwa hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika juu ya yule tajiri, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Alikuwa na uwezo wa kumwua Nathani. Hakujitetea, alikiri. Tena kichwa cha Zaburi ya 51 chatuambia kwamba zaburi hiyo ni ya wakati huo, Nathani alipomjia. Kwa hiyo mojawapo ya tungo kuu za ulimwengu juu ya tabia ya mwanadamu ilizaliwa kwa sababu mshairi alikubali kuambiwa ukweli.

Kwa watunzi wetu twatoa mashauri haya.

Kwanza, nyamaza kidogo. Mtu akikuambia jambo juu ya shairi lako, usianze kueleza ulichokusudia. Ikiwa lazima ueleze, huenda shairi halijaeleza. Andika aliyoyasema, kisha nenda nalo nyumbani.

Pili, kumbuka kwamba shairi si wewe. Kiti kikiwa na mguu mfupi, fundi hakatwi mguu. Kiti ndicho kirekebishwacho.

Tatu, uliza maswali mafupi: "Ni wapi ulipochoka? Ni neno gani hukulielewa? Ni mshororo gani umeukumbuka?" Maswali ya namna hii huvuta majibu ya kweli hata kwa mtu mwenye haya. Ukiuliza tu, "Ni zuri?" umemlazimisha aseme ndiyo.

Nne, sikiliza watu wawili au watatu, si mmoja, wala si ishirini. Watatu wakionyesha mahali pamoja, hapo pana shimo, hata kama kila mmoja atoa dawa yake.

Tano, pima, maana si kila shauri ni jema. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani ya kimapokeo, yalitokea mabishano makali katika Tanzania. Wako waliosema hayo si mashairi kabisa, wengine waliyatetea. Leo mashairi ya namna zote mbili husomwa na kufundishwa. Kwa hiyo mtunzi aweza kulikataa shauri. Lakini alikatae kwa sababu aijua kazi anayoifanya, si kwa sababu ameudhika. Aliyeacha vina kwa kukusudia na aliyevikosa kwa kutojua hawafanani, nao hawastahili maneno yale yale. Msahihishaji naye, kabla ya kusema kitu, amwulize mtunzi alikusudia shairi la namna gani.

Sita, toa asante. Mtu aliyekuambia ukweli alihatarisha urafiki wake. Mithali 27:6 yatufundisha kwamba jeraha alitialo rafiki ni la kuaminika kuliko busu nyingi za adui.

6. KWA WALIO NA DARAKA

Katekista, mwalimu wa kwaya, mama wa Umoja wa Mama na mzee wa kanisa wana neno lenye uzito. Kijana wa kwetu hatabishana na mzee. Atainamisha kichwa na kusema, "Ndiyo, mzee," kisha huenda daftari likawashia moto jikoni. Kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa kukubali. Mpeni nafasi ya kujibu. Mwambieni wazi, "Hapa una ruhusa ya kukataa."

Tena fikirini hasara. Nyimbo za kwaya zetu hutungwa na watu wa kwetu. Anayechekwa leo kwa ubeti mmoja ndiye ambaye baada ya miaka kumi angetunga wimbo wa kuwafariji wafiwa wa parokia hii, au angesimama kuhubiri. Na anayesifiwa bure leo atakwenda kusoma mahali pengine, huko achekwe na wageni kwa makosa ambayo sisi tuliyaona tukayanyamazia. Njia zote mbili, tumempoteza.

Wazee wetu wa Uamsho, ulioanzia Gahini huko Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea katika nchi zetu za Afrika Mashariki, walikuwa na neno la kutembea nuruni. Ndugu alimwambia ndugu lililo kweli, kwanza juu yake mwenyewe, ndipo juu ya mwenzake. Hapo walipodumu katika upendo, ukweli uliponya; na hapo upendo ulipopungua, ukweli ule ule ulijeruhi. Paulo awaambia Wagalatia kwamba wa rohoni wamrejeze mwenzao kwa roho ya upole, huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Kujiangalia nafsi ndiko kunakotangulia kalamu nyekundu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Prisila na Akila walimfanyia Apolo mambo gani, na kwa utaratibu gani? Ni hatua ipi tunayoiruka mara nyingi katika parokia yetu?

2. Kwa nini Nathani alianza na hadithi? Ni wakati gani inafaa kusema moja kwa moja?

3. Ubeti wetu wa mfano wasema mwanadamu hana wema. Someni Zaburi 8 na Zaburi 51. Mngemwambia mtunzi nini kila zaburi inachoongeza?

4. Saidieni kutafuta mwisho mpya wa mshororo wa tatu, wenye kina cha -la na mizani nane. Kila mmoja ajaribu mwenyewe kwanza. Kisha mwambiane ukweli.

5. Yupo mtu katika kikundi chenu ambaye mmemsifu mbele na kumteta nyuma? Jibuni swali hili kimoyomoyo, kisha mchukue hatua.

SALA

Ee Mungu, uliyetuumba kwa mfano wako, nawe wajua tulivyo mavumbi, utupe masikio ya kusikia mpaka mwisho, na ndimi zisemazo mbele ya mtu neno lile lile zisemalo nyuma yake. Uwabariki wote watungao mashairi na nyimbo katika parokia yetu, wasivunjike moyo wala wasijivune. Utufundishe kupokea ukweli kama mgonjwa apokeavyo dawa, na kuutoa kama mama ampavyo mtoto. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.